Mtoto amwone baba yake wapi? Ofisi ya ustawi, nyumba ya ndugu, sehemu ya wazi au simu: ulinganisho kwa waliotoka kwenye ndoa ya kipigo, Arusha na Moshi

Mmeachana, na kilichowaachanisha ni kipigo. Watoto walikuwepo, waliona. Sasa simu zimeanza. Baba anataka kuwaona wanawe. Mama mkwe anauliza wajukuu zake umewaficha wapi. Mchungaji anakukumbusha kwamba damu ni damu. Na kama umeshafika mahakamani, huenda umetoka na amri inayosema baba aruhusiwe kuwaona watoto kwa utaratibu ambao wazazi watakubaliana, maneno machache yanayokurudisha mezani na mtu yuleyule ambaye hamkuwahi kukubaliana bila yeye kuinua mkono.

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Arusha, na mara kwa mara kazi inanishusha Moshi. Talaka ikishazungumzwa na matunzo yakishazungumzwa, swali linalobaki kwa akina mama wengi ni hili: waonane wapi? Njia zinazotumika huku kwetu ni chache na kila moja ina kasoro yake. Naziweka hapa pamoja ili uone ipi inafaa kwa hali yako ya leo, maana ya leo huenda isiwe ya mwakani. Namwandikia mama kwa sababu ndiye anayekuja ofisini mara nyingi. Wapo pia akina baba waliotoka na watoto wakimkimbia mama mkatili, na kwao hesabu ni ileile.

Tafuta mtu kwanza, mahali baadaye

Wengi huanza kwa kuchagua mahali. Mimi nakushauri uanze na mtu atakayekaa pale. Msimamizi wa kweli ni yule anayeweza kumwambia baba "muda umeisha" naye akainuka. Anakaa karibu kiasi cha kusikia kila neno. Anaandika kilichotokea siku ileile, na yuko tayari kukisema mbele ya hakimu bila hofu kwamba Jumapili hatasalimiwa. Na mtoto anamfahamu kiasi cha kumkimbilia akishtuka. Ukimpata mtu huyo, hata kibaraza cha mwenyekiti wa mtaa kinatosha. Ukimkosa, jengo la serikali lenye mlinzi getini halitakusaidia.

Uingereza wana vituo maalumu vya kazi hii, na tangu 1991 vina chama chao cha kitaifa. Navitaja kwa sababu wenzetu wametenganisha mambo mawili ambayo sisi tunayachanganya. Kuna kituo ambacho kila familia ina msimamizi wake: wazazi wanafika saa tofauti wasikutane mlangoni, msimamizi anasikia yote, anaandika taarifa, na ana uwezo wa kukatisha. Halafu kuna kile cha ukumbini, mara nyingi ukumbi wa kanisa, ambapo familia kadhaa zinakaa pamoja, watu wa kujitolea wanapita huku na huku, na hakuna anayeandika mazungumzo ya mtu. Hiki cha pili hakikukusudiwa kwa mzazi ambaye ni hatari. Hapa kwetu kazi ya kwanza inaangukia mezani kwa afisa ustawi wa jamii. Ndugu, kanisa na bustani ni kazi ya pili, hata tukiapa kwamba shangazi ni mkali.

Sheria imekaa upande gani

Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto wa wazazi waliotengana haki ya kumtembelea mzazi mwingine (kifungu cha 26), na inampa mzazi nafasi ya kuomba mahakamani amri ya kumwona mtoto wake (kifungu cha 38). Ukisoma vizuri utaona haki hii imeanzia kwa mtoto. Kifungu cha 39 kinamtaka hakimu aangalie maslahi ya mtoto, umri wake, na maoni yake kama ameyatoa kwa uhuru. Kinasema ni vema mtoto awe na wazazi wake isipokuwa pale ambapo haki zake zinaendelea kuvunjwa na wazazi haohao. Hayo maneno ya mwisho ndiyo ya kushika. Mahakama inaweza pia kumtaka afisa ustawi aandae taarifa ya hali ya familia kabla ya kuamua, nawe una haki ya kuiomba.

Tanzania hatuna sheria moja inayojitegemea ya ukatili wa majumbani, kwa hiyo kinga inaombwa vipande vipande. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Kifungu cha 138 kinaipa mahakama uwezo wa kumwamuru mtu aache kumsumbua mwenzi wake au aliyekuwa mwenzi wake. Akina mama wengi hawajui kwamba wanaweza kuomba amri ya 138 pamoja na utaratibu wa watoto. Ombeni vyote.

Na kuhusu miaka saba: mtaani watu wanaamini kwamba mtoto akifikisha miaka saba baba anakuja kumchukua. Sivyo. Sheria inachukulia kwamba mtoto aliye chini ya umri huo ni vema akae na mama, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Akishavuka saba, mahakama inaangalia maslahi yake kama kawaida. Hakuna siku ya kukabidhi.

Ofisi ya ustawi wa jamii

Hii ndiyo naiweka mbele kwa mama ambaye majeraha bado mabichi.

Niliwahi kukaa kwenye kikao ambapo baba alikuja na viatu vya shule, vyeusi, bado vina karatasi ndani. Binti, wa miaka minane hivi, akajaribu kimoja, kisigino kikabaki nje. Mguu ulikuwa umekua na baba alikuwa hajauona kwa muda mrefu. Nikaona taya lake linakaza. Akaanza, "Mama yako angeniambia..." Afisa hakupandisha sauti. Alisema, "Baba, viatu vinabadilishwa dukani. Kaa, mtoto ana daftari anataka kukuonyesha." Baba akakaa. Yule binti, ambaye alikuwa ameshairudisha miguu chini ya benchi, akafungua begi. Maneno yaleyale yangesemwa na wifi, ugomvi ungefika barabarani.

Hiyo ndiyo nguvu ya ofisi. Afisa ana faili, ana mhuri, na baba anajua kwamba anachofanya pale kinaweza kusomwa na hakimu. Huduma haina ada. Ukiomba, wewe utafika mapema, umwache mtoto, utoke kabla baba hajaingia, na mwisho wa kikao baba abaki pale kwa muda mpaka mtakapokuwa mmeshafika mbali.

Kasoro zake ni nzito pia, nazisema wazi. Saa za kazi ni kuanzia saa moja na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa, na huo ndio muda wa shule. Chumba mara nyingi ni hichohicho kimoja, chenye meza, kabati la mafaili na watu wengine wakisubiri na mashauri yao ya matunzo. Hakuna mwanasesere wala mkeka. Mtoto wa miaka mitatu atachoka haraka na baba atasema mtoto amelishwa sumu ndiyo maana hataki kukaa. Afisa mwenyewe ana kesi nyingi, simu ikiita kuna mtoto ametupwa mahali, anaondoka. Kwa hiyo mkubaliane tangu mwanzo: afisa akiondoka, kikao kimeisha, hata kama zimepita dakika kumi. Nenda na mpira mdogo au kitabu cha picha. Omba siku ambayo shule inatoka mapema.

Jambo moja dogo ambalo limewaponza wengi ni sare. Ukimtoa mtoto darasani ukamleta moja kwa moja na sweta yenye nembo, umeshamwambia baba anasoma wapi. Mbadilishe nguo kwanza.

Nyumba ya ndugu

Hapa ndipo familia nyingi zinaishia, na hapa ndipo nataka usome polepole.

Faida zake mtoto anazijua kuliko sisi. Kwa bibi kuna binamu, kuna ndizi, kuna ng'ombe wa kukatiwa majani. Kunapatikana Jumamosi. Baba anakuwa mtu wa kawaida kwao, hayuko kama mshtakiwa. Mtoto anayempenda bibi yake wa Kibosho au Marangu hana kosa, na kumnyima ukoo wote kwa sababu ya mkono wa mtu mmoja ni kumpunguzia watu wake. Nimeona watoto waliochangamka kwa bibi kuliko walivyowahi kuchangamka ofisini.

Tatizo ni kwamba wazee wetu wamelelewa kupatanisha. Hiyo ni kazi yao na wanaiweza. Mama analeta mtoto saa nne asubuhi, anaambiwa aingie anywe chai, kufumba na kufumbua wazee watatu wamekaa na baba ameketi kati yao ameinamisha kichwa. Kikao cha mtoto kimegeuka kikao cha suluhu. Kwa Wachagga linaweza kuja hata jani la isale, na kila aliyekulia huku anajua uzito wake: ukiletewa isale unaombwa msamaha kwa namna ambayo kukataa kunakufanya wewe ndiye mkosaji. Siidharau isale. Imemaliza visasi vya mashamba na damu. Lakini msamaha ni jambo la watu wazima wawili, na haumwambii mtoto kama leo jioni kutakuwa salama. Unaweza kumsamehe mtu na bado ukataka msimamizi.

La pili ni nani anamtegemea nani. Mama mkwe ambaye mwanawe ndiye anayemlipia dawa za presha hatamwambia "toka nje". Wifi anayeishi kwenye nyumba ya kaka yake hataandika kwamba kaka alikuja amelewa. Si kwamba ni watu wabaya. Ni kwamba tumewapa kazi ambayo hawana mahali pa kusimamia wanapoifanya.

Kipimo changu ni kimoja: huyu ndugu alifanya nini ulipokuwa bado unapigwa? Yupo shangazi aliyekufungulia mlango usiku na kumwambia kaka yake mbele ya watu kwamba anachofanya ni aibu. Huyo mchukue, hata kama nyumba yake ni chumba kimoja Pasua. Yupo na yule aliyekuambia uvumilie, ndoa ndivyo zilivyo. Huyo mpelekee mtoto siku za sikukuu ukiwa naye mwenyewe, lakini usimkabidhi usimamizi.

Na ndugu zako je? Mjomba wa mtoto anaweza kumzuia baba, ndiyo, ila anaweza pia kumpiga, na mtoto ataona vita ya pili. Baba naye atasema amehukumiwa ukweni. Nimeona ikifaulu mara chache, pale mjomba alipokuwa mtu mzima mtulivu anayeheshimiwa pande zote mbili.

Desemba inahitaji neno lake. Huku kwetu kila mtu anapanda nyumbani, na ombi litakuja: watoto waende Rombo au Machame wakale Krismasi na ukoo, wiki nzima. Kulala ni hatua nyingine kabisa, haifanani na saa mbili za mchana. Nyumba imejaa, pombe ipo, usiku ni mrefu, na msimamizi amelala. Kama bado mko kwenye hatua ya usimamizi, jibu ni mchana tu, na jina la atakayesimamia liandikwe. Ombi hili lijibiwe Oktoba au Novemba, kabla nauli hazijapanda na simu za wazee hazijaanza.

Kanisani, msikitini, barazani

Ofisi ya usharika au ya parokia ina faida ya kuwa wazi mwisho wa wiki, na baba wengi wanajiheshimu wakiwa pale. Lakini angalia kama mtu anayesimamia ndiye huyohuyo anayekushauri urudi. Kama ndiye, mtoto amekuwa chambo. Mwombe mtu mwingine wa palepale, mwalimu wa Sunday school kwa mfano, ambaye hana habari za ndoa yenu. Hivyohivyo kwa baraza la usuluhishi la ndoa: lina kazi yake kisheria kabla ya talaka, na kazi hiyo ni kusuluhisha.

Sehemu ya wazi

Mgahawa wenye bembea Njiro, au meza ya nje mjini Moshi karibu na mnara wa saa: watu wanapita, mtoto anakula chipsi, baba hawezi kuthubutu. Ndivyo tunavyoambiana. Ukweli ni kwamba watu wengi ni macho mengi yasiyo na mwenyewe. Mhudumu hatakatisha mazungumzo ya baba na mwanawe. Baba mwenye ukatili hahitaji kupiga pale. Anahitaji tu kumuuliza mtoto kwa upole, "Siku hizi mnalala wapi? Mnapanda daladala gani?" Mtoto wa miaka sita anajibu, kwa sababu ameulizwa na baba yake.

Hatari kubwa zaidi ya njia hii ni kuondoka. Mahali pa wazi hapana mlango wa kumchelewesha mtu. Unapanda bodaboda, na bodaboda nyingine inakufuata mpaka Mianzini. Ukilazimika kuitumia, nenda na msimamizi anayekaa meza hiyohiyo, wewe usiwepo kabisa, na mtoto arudishwe kwanza mahali pa kati, dukani kwa rafiki au kazini kwa mtu, ndipo umchukue.

Kwa mtoto mkubwa, kama miaka kumi na tatu, ambaye amepita miezi ya ofisini bila tatizo na mwenyewe anasema anataka, sehemu ya wazi ni hatua nzuri ya mbele. Kama mwanzo, hapana.

Simu

Simu inazuia ngumi, haizuii maneno. Nimesikia baba akimwambia mtoto kwenye simu, kwa sauti tamu, kwamba mama akifungwa watarudi wote nyumbani. Mtoto alilia siku mbili.

Bado ni njia nzuri kwa baba aliye mbali, au kama nyongeza kati ya vikao, ikiwekewa mipaka: laini tofauti na ile yako ya kila siku, siku na saa maalumu, spika imewashwa, mtu mzima mwingine yupo chumbani. Ukitumia video, mtoto akae ameupa mgongo ukuta mtupu, maana dirisha linaweza kuonyesha mnara wa kanisa la jirani na siri ya mtaa ikaisha. Zima ile sehemu ya kuonyesha ulipo. Mtoto chini ya miaka mitano hatakaa na simu zaidi ya dakika chache, na hilo baba aambiwe mapema asije akalifanya kesi.

Kutoonana kwa sasa

Hii nayo ni njia, na sheria inairuhusu. Kama mtoto mwenyewe alipigwa au kuguswa vibaya, kama baba ametishia kuua, kama ana kesi ya jinai inayoendelea kwa alichowafanyia, au kama mtoto akisikia jina la baba anakojoa kitandani, usitafute mahali pazuri pa kuonana. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, nenda hospitali na PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), kisha uiombe mahakama isimamishe. Usijifiche tu. Mama anayetoweka na watoto bila karatasi anampa baba hoja ya kusema ameibiwa wanawe, na nimeona hoja hiyo ikisikilizwa.

Kuna kesi ya Hispania ambayo kila mwenye kugusa mambo haya angeifahamu. Ángela González Carreño alimshtaki mumewe kwa ukatili mara nyingi sana. Mwanzoni mahakama iliweka usimamizi mtoto alipokutana na baba. Baadaye ikauondoa, ikaruhusu waonane bila msimamizi. Tarehe 24 Aprili 2003, kwenye mojawapo ya siku hizo, baba alimuua binti yao wa miaka saba, kisha akajiua. Mwaka 2014 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ilisema Hispania ilishindwa kuwalinda, kwa sababu waamuzi walitanguliza ratiba ya baba na hawakupima ukatili uliokuwa umeripotiwa. Tanzania iliridhia mkataba huo mwaka 1985.

Ninachokichukua kwenye kesi ile ni wakati. Yalitokea usimamizi ulipoondolewa. Kwa hiyo kila mnapotaka kupanda hatua, kutoka ofisini kwenda kwa shangazi, kutoka mchana kwenda kulala, simameni na kuuliza: ni nini kimebadilika kwa baba? Kupita kwa miezi peke yake si mabadiliko. Je, amekubali alichofanya, au bado anasema ulimchokoza?

Ningechagua nini

Kipigo ni cha ndani ya mwaka huu na hakuna tishio la kuua: ofisi ya ustawi, saa moja, kila wiki mbili, bila simu katikati mpaka mtoto aziulizie. Kati ya ofisi na nyumba ya bibi, hapa siyumbi, hata kama bibi analia.

Kipigo kilikuwa kwako peke yako, ni cha zamani, baba amehudhuria vikao vyote bila kulewa wala kuchelewa: nyumba ya ndugu, yule wa kipimo cha mlango wa usiku, na jina lake liwe ndani ya amri. Kama baba yuko Dar au mgodini, simu yenye mipaka, na akija likizo mwanzieni ofisini, msimrukishe kwa kuwa amesafiri. Baba akikataa kabisa kusimamiwa kwa sababu ni kudhalilishwa, kukataa huko kuandikwe. Mzazi anayetaka kumwona mwanawe atakaa kwenye benchi la ustawi.

Matunzo yaache pembeni ya haya yote. Asiyelipa apelekwe kwa kutolipa, na anayelipa asinunue kwa pesa hiyo saa za bila msimamizi. Mkichanganya, mtoto anakuwa risiti.

Chochote mtakachochagua, kiingie kwenye karatasi ya mahakama kwa maneno ya kutosha: jina la msimamizi na la mbadala wake, siku, saa ya kuanza na kumaliza, nani anamleta mtoto, nani anaondoka kwanza, baba akichelewa dakika ngapi kikao kinafutwa, akifika amelewa inakuwaje, marufuku kuuliza makazi na shule, marufuku kurusha picha za mtoto mtandaoni, na kwamba msimamizi anaweza kukatisha bila kuomba ruhusa. Makubaliano ya mdomo mbele ya balozi wa nyumba kumi hayakufikishi popote siku yanapovunjwa. Mashauri haya husikilizwa na Mahakama ya Watoto. Kwa wa Arusha, Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki kilichozinduliwa 2021 kimekusanya ngazi za mahakama mahali pamoja, ukipotea utaelekezwa. Kama huna wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatutambua sisi wasaidizi wa kisheria. Moshi kuna KWIECO, shirika la siku nyingi linalowasikiliza wanawake waliokutwa na ukatili.

Nunua daftari. Andika tarehe, nani alikuwepo, baba alifika saa ngapi, mtoto alikula nini jioni ile, alilala vipi, alisema nini bila kuulizwa. Usimhoji. Mtoto anayehojiwa na pande zote mbili anajifunza kumpa kila mmoja jibu analolitaka, na hapo hakuna tena atakayejua ukweli. Asubuhi ya siku yenyewe mwambie mambo matatu tu: unakwenda kumwona baba, fulani atakuwa karibu na wewe muda wote, na ukitaka kuondoka mwambie fulani. Mwoneshe na namba 116, ni ya bure na ni ya watoto.

Ukiona baada ya vikao kadhaa mtoto anakojoa kitandani upya, anamgonga mdogo wake, au anaumwa tumbo kila ikifika siku ile, mpeleke kwa daktari, mwoneshe afisa ustawi daftari, na uombe amri ibadilishwe. Amri ya kumwona mtoto haijafungwa milele. Hakimu anaweza kuifungua tena, na daftari lako ndilo atakaloanza kulisoma.